Takataka za Sumu: Jina Kwanza, Pipa Baadaye

Siku ya soko hapa Salamabila, mtu akileta pipa la plastiki la buluu la lita 200 halikai muda mrefu. Lina mfuniko wake, halipasuki ovyo, halishiki kutu. Mama mmoja analitaka kwa maji ya mvua, mwingine kwa kuloweka mihogo, mfanyabiashara wa mawese analitaka kwa mafuta yake ya kupeleka Kasongo. Wanaulizana bei. Wanagonga ubavuni kusikia kama lina ufa. Wananusa ndani. Swali moja mara nyingi halisikiki: pipa hili lilikuwa limebeba nini?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa kampi mnaosoma ukurasa huu wa Usalama na Afya, safari hii tunazungumza juu ya swali hilo. Tunazungumza juu ya takataka za hatari: namna ya kuzitambua, namna ya kuzifunga, na namna ya kuzipakia katika kamioni ili zifike mahali pa kuteketezwa au kuzikwa bila kumdhuru mtu njiani. Kazi hii haina sifa kama kazi ya kutoboa mwamba au kumimina dhahabu. Hakuna anayepigwa picha akiwa amesimama kando ya pipa la mafuta machafu. Lakini makosa yake yanatoka nje ya uzio wa mgodi na kuingia jikoni mwa watu.

Mazungumzo ya namna hii yanajulikana katika kila mgodi:

— Kapita, pipa lile kando ya ukuta limebaki tupu. Naomba nilipeleke nyumbani, mama watoto ana shida ya maji.

— Tupu kwa macho yako, mwanangu. Lilikuwa na nini?

— Sijui, kapita. Karatasi yake imetoka.

— Basi ukisema hujui, umekwisha kunijibu. Lirudishe mahali pake, na kabla ya king'ora cha jioni tumtafute aliyelimwaga.

Kijana huenda ataona kapita amemnyima kitu kidogo. Lakini tazameni kapita alivyofanya. Hakusema tu hapana. Alitaka kumpata mtu aliyelimwaga pipa. Mtu huyo ndiye peke yake anayejua kilichokuwamo. Kesho atakuwa katika zamu nyingine, mwezi ujao atakuwa likizo, na pipa litabaki bila jina. Takataka isiyo na jina ni shida kuliko sumu inayojulikana, maana haijulikani ivaliwe nini kuishika, ifungwe katika chombo gani, iwekwe mbali na nini, na mganga afanye nini ikimmwagikia mtu.

Mahali zinapozaliwa

Tukitembea katika mgodi wa dhahabu kama wa Namoya, takataka hizi hatutazikuta mahali pamoja. Kila idara ina zake.

Tuanze na kiwanda. Huko dhahabu hutolewa katika mawe kwa sianidi ya sodiamu, ile ambayo wengi wetu tunaiita sianure. Hufika ikiwa vipande vyeupe, vikavu, ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko huo umo ndani ya gunia la nailoni, na vyote vimo katika sanduku la mbao lenye kilo 1,000 hivi. Vipande vikiisha, mfuko, gunia na sanduku vinabaki. Hizo ndizo takataka zenyewe. Vumbi jeupe lililoshika katika mikunjo ya mfuko ni sianidi ileile, na chini ya nusu gramu yake yatosha kumwua mtu mzima akiimeza. Ubao wa sanduku ni ubao mzuri wa mlango au wa kitanda, tunajua. Hautoki kiwandani.

Hapa mama zetu wanaweza kutufundisha kitu. Mama anayeloweka mihogo michungu siku tatu kabla ya kuianika anapigana na sumu ya jamaa moja na hiyo. Mihogo michungu ina kitu ambacho kikivunjika hutoa sianidi, na maji na muda ndivyo vinavyoiondoa. Anayeharakisha, hasa wakati wa njaa, huleta ugonjwa nyumbani; ule unaopooza miguu ya watoto, unaoitwa konzo, umeonekana sehemu nyingi za nchi yetu. Sasa fikirini mihogo hiyohiyo inalowekwa ndani ya pipa lililotoka kiwandani. Mama anajitahidi kutoa sumu, na pipa linairudisha.

Katika garaji kuna mafuta machafu ya injini, filta, vitambaa vya kupangusia, maji ya kupozea rejeta, na batri zilizokufa. Zaidi ya nusu ya uzito wa batri ya kamioni ni risasi (madini ya risasi, si ile ya bunduki), na maji yaliyomo ni asidi ya salfa.

Laboratwari haizalishi takataka nyingi, lakini zake ni za kuangaliwa sana. Ili kupima dhahabu katika jiwe, mafundi huyeyusha unga wa jiwe pamoja na oksidi ya risasi, halafu risasi hiyo huingizwa motoni ndani ya kikombe kidogo cheupe au cha kijivu kinachoinyonya. Kikombe hicho kinaweza kunyonya risasi karibu sawa na uzito wake mwenyewe. Baada ya kazi kinabaki kitu kidogo, kizuri cha mviringo, kinachoenea katika kiganja cha mtoto, kama chombo cha kuchezea upishi. Hatuhitaji kusema zaidi kwa nini vikombe hivyo vinahesabiwa vikitoka.

Dispensari ina sindano na bandeji zenye damu. Ghala la baruti lina habari yake yenyewe: masalio ya baruti na fataki hayaingii kabisa katika mapipa tunayozungumzia hapa. Yanashughulikiwa na wapasuaji wenye kibali tu, mahali pao na kwa sheria zao. Ukiona fataki katika takataka, usiiguse. Simama, weka mtu wa kuzuia wengine, mwite mpasuaji.

Makundi tisa

Dunia nzima imekubaliana kugawa vitu vya hatari vinavyosafirishwa katika makundi tisa. Mpango huo ni wa Umoja wa Mataifa, na shofere wa Uvira, mpakuzi wa bandari ya Dar es Salaam na zima moto wa Ulaya wote wanausoma namna moja. Kundi la 1 ni vya kulipuka. La 2 ni gesi. La 3 ni majimaji yanayoshika moto, kama petroli. La 4 ni vitu vikavu vinavyowaka, pamoja na vile vinavyojiwasha vyenyewe na vile vinavyotoa gesi ya moto vikikutana na maji. La 5 ni vile vinavyochochea moto wa wengine, kama nitreti ya amonia na klorini ya unga. La 6 ni sumu, na pia vitu vya kuambukiza. La 7 ni vya nururishi. La 8 ni vinavyokula ngozi na chuma. La 9 ni vilivyobaki, vyenye hatari ambayo haikuingia katika makundi manane ya kwanza.

Kila kitu kina pia namba yake ya tarakimu nne. Sianidi ya sodiamu kavu ni UN 1689, kundi 6.1. Batri zenye asidi ni UN 2794, kundi la 8. Zebaki, ile merkire ya wachimbaji, ni UN 2809. Wengi hushangaa kusikia kwamba imewekwa katika kundi la 8 kwanza, na sumu ikafuata kama hatari ya pili, kwa sababu zebaki hula madini mengine, hasa aluminiamu. Takataka za dispensari zenye damu ni UN 3291, kundi 6.2. Hakuna anayetakiwa kuzikariri zote. Zinaandikwa kwenye karatasi ya maelezo inayokuja na kila bidhaa, na karatasi hiyo inapaswa kukaa pale inapotumika bidhaa, isifungiwe katika kabati la ofisi.

Baada ya kundi kuna daraja: I kwa hatari kubwa, II ya kati, III ndogo. Kwa vitu vya kundi la 8 daraja linapimwa kwa saa. Kitu kinachoharibu ngozi kabisa baada ya kuigusa dakika tatu au pungufu ni daraja la I. Kikihitaji zaidi ya dakika tatu hadi saa moja, ni la II. Kikihitaji zaidi ya saa moja hadi saa nne, ni la III. Sianidi yetu iko daraja la I katika kundi lake, bila mjadala.

Mpaka hapo mambo ni mepesi, maana bidhaa mpya ina karatasi yake. Ugumu wa takataka ni kwamba zimechanganyika. Chukueni pipa la mafuta machafu ya injini. Peke yake si jepesi kushika moto. Mafuta hayo huhitaji joto kubwa kabla mvuke wake haujawaka. Akaja mtu na ndoo ya petroli aliyooshea vipuri, akaona pipa liko wazi, akamwaga humo. Kuanzia hapo pipa lote, lita 200, linaweza kuwa la kundi la 3. Linataka etiketi nyingine, chombo kingine, nafasi nyingine katika kamioni, na shofere asivute sigara karibu nalo. Ila aliyeandika etiketi ya kwanza hajui. Ndiyo maana pipa la takataka hufungwa kila baada ya kumimina, na anayemimina huandika katika daftari lake: siku, kitu, kiasi, jina lake. Daftari la shule la kurasa 48 latosha. Tumeona mahali ambapo daftari hilo lilifanya kazi nzuri kuliko mtambo wa bei kubwa.

Na kama pipa limekwisha kupoteza jina? Halipewi jina la kubahatisha. Linawekwa peke yake, kivulini, mahali penye hewa, linaandikwa HALIJULIKANI, na mtu wa laboratwari anaitwa kuchukua sampuli akiwa amevaa kinga. Likiwa limevimba, halifunguliwi na mtu yeyote wa kawaida. Uvimbe ni gesi, na gesi hiyo inatafuta njia ya kutoka.

Zisizolala nyumba moja

Kuna jamaa ambao ukiwalaza chumba kimoja, asubuhi utakuta nyumba imeungua. Takataka ni vivyo hivyo.

Wa kwanza ni sianidi na asidi. Sianidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Gesi hiyo huchemka katika joto la nyuzi 26 hivi, nalo ni joto la mchana wa kawaida hapa kwetu. Wanasema inanukia kama lozi chungu, lakini watu si wachache ambao pua zao haziisikii kabisa, kwa hiyo pua si kipimo. Kiwandani maji ya sianidi huwekwa chokaa ili yasigeuke asidi. Katika pipa la takataka hakuna chokaa ya kulinda. Hata unyevu wa hewa na mvua waweza kutoa gesi hiyo kidogo kidogo kutoka mfuko mchafu uliofungwa mbichi. Mifuko ya sianidi basi huoshwa mara tatu humo kiwandani, maji yakarudishwa katika matangi, halafu ikakunjwa na kufungwa mikavu. Batri na asidi za laboratwari hazikai ghala moja nayo, wala kamioni moja.

Wa pili ni klorini ya unga ya kusafishia maji, na mafuta. Zikichanganyika zaweza kuwaka zenyewe bila kiberiti. Klorini hiyo na asidi hutoa gesi nyingine ya kuumiza mapafu. Wa tatu ni magadi makali, soda kostiki, na vyombo vya aluminiamu: hula chuma hicho na kutoa hidrojeni, gesi nyepesi inayolipuka.

Vitambaa vya mafuta vinadharauliwa kuliko vyote. Vikilundikwa vikiwa vimelowa mafuta ya mimea au ya rangi, hupata joto ndani kwa ndani mpaka vikaanza kutoa moshi, usiku, hakuna mtu. Viwekwe katika pipa la chuma lenye mfuniko, liondolewe mara kwa mara.

Kulisoma pipa

Pipa lililopimwa lina maandishi yaliyogongwa au kuchapwa, yakianza na alama ya herufi u na n ndani ya duara. Baada yake yaweza kufuata 1A1, au 1H2. Ile 1 ya mwanzo maana yake ni pipa. A ni chuma cha feleji, H ni plastiki. Tarakimu ya mwisho inaeleza kifuniko: 1 ni pipa lenye vishimo vidogo vya kumiminia tu, kwa maji na mafuta; 2 ni lile linalofunguka juu pote, ambalo linafaa kwa vitambaa, filta na vitu vikavu. Kisha inafuata herufi moja, na hiyo ndiyo ya kutazamwa kwanza. X inaruhusiwa kubeba daraja zote tatu za hatari. Y inabeba la II na la III. Z inabeba la III peke yake. Mfuko wa sianidi uliooshwa vibaya ukiwekwa katika pipa la Z, kosa limeandikwa kwenye pipa lenyewe kwa yeyote anayejua kusoma.

Maandishi hayo yana pia mwaka wa kutengenezwa. Pipa la plastiki linalobeba vitu vya hatari lina ruhusa ya miaka mitano tangu mwaka huo. Jua linalikausha, linageuka jeupe, na ukilibonyeza linalia. Pipa kama hilo halisafiri, hata kama linaonekana zima.

Asidi iende katika plastiki, wala si katika chuma. Petroli chafu iende katika chuma. Pipa la majimaji halijazwi hadi mdomoni: acha nafasi ya upana wa kiganja juu, maana majimaji hutanuka juani, na kamioni iliyosimama Lulimba saa nane mchana ni jiko. Kifuniko hukazwa kwa ufunguo wake, si kwa nyundo. Baada ya kukaza, pipa la majimaji lilazwe kidogo juu ya karatasi kavu. Tone moja likionekana, kazi inaanza upya.

Batri zinasimama wima siku zote, juu ya palete, vichwa vyake vikiwa vimefunikwa ili visigusane na kutoa cheche, ubao au katoni kati ya safu na safu, mkanda kuzunguka. Zisimwagwe asidi kwanza ili ziwe nyepesi. Jambo hili tunalitaja kwa sababu linafanyika, na asidi inayomwagwa ina risasi ndani yake na inaishia mtaroni. Sindano za dispensari huingia katika kisanduku kigumu kisichotoboka, kinafungwa kikijaa robo tatu, na hakifunguliwi tena.

Halafu etiketi. Ni pembe nne iliyosimama juu ya ncha, upande wake sentimeta 10. Sumu ni nyeupe yenye fuvu la kichwa na mifupa. Ya asidi ina nusu nyeupe juu na nusu nyeusi chini, na mkono unaoliwa na matone. Petroli ni nyekundu yenye moto. Kamioni yenyewe hubeba zilezile zikiwa kubwa, sentimeta 25, ubavuni na nyuma, ili zisomwe na mtu aliye mbali. Etiketi ya zamani hutolewa au kufutwa kabisa. Pipa lenye etiketi mbili zinazopingana ni sawa na pipa lisilo na etiketi.

Barabara ya Lulimba

Yote haya tungeweza kuyaona kama mambo ya ofisi kama takataka zingekuwa zinakwenda mita mia mbili. Haziendi mita mia mbili. Mafuta mengine yaweza kushughulikiwa karibu, lakini batri zinahitaji kiwanda cha kuziyeyusha, na kemikali nyingine zinahitaji tanuri au shimo lililojengwa maalum. Kutoka Salamabila kwenda Lulimba, halafu Fizi, Baraka na Uvira, kila mmoja wetu anaijua njia wakati wa mvua. Kamioni hunasa. Hulala njiani. Watu wa vijiji huja kusukuma, watoto hupanda juu ya mizigo, mtu huomba nafasi ya kukaa juu ya mapipa pamoja na kuku wake.

Shofere na msaidizi wake ndio wanaoishi na uamuzi wetu siku zote hizo. Wanastahili karatasi, na karatasi hiyo ikae ndani ya kabini, isifungiwe ndani ya mzigo. Iandike neno TAKATAKA kabla ya jina la kitu, namba yake ya tarakimu nne, kundi, daraja, idadi ya vyombo na uzito, nani ametuma, nani anapokea, na simu ya kupigiwa kukiwa na ajali. Abiria hapandi. Chakula hakipakiwi humo, hata gunia moja la mchele la rafiki. Mapipa yanafungwa kwa mikanda yasitembee, mazito chini, ya majimaji yasilazwe. Turubai inafunika dhidi ya mvua.

Kitu kikimwagika njiani, shofere azime injini, asogeze watu upande upepo unakotoka, asiguse, asikoshe kwa maji kuelekea mto, apige simu. Mito ya upande wetu inatafuta Luama, na Luama inamwaga Lualaba. Yuko mtu anachota maji chini. Mtu akiangushwa na gesi ya sianidi, asipuliziwe hewa kwa mdomo, maana anayempulizia ataanguka naye. Anatolewa kwenye hewa safi na watu waliovaa kinga, nguo zilizolowa zinavuliwa, anapewa oksijeni, na dawa yake inatolewa na mganga aliyefundishwa.

Mzigo ukivuka mpaka, kuna zaidi. Mkataba wa Basel, uliopitishwa Machi 1989 na kuanza kutumika Mei 1992, unataka serikali ya nchi inayopokea, na za nchi zinazopitwa, zikubali kwa maandishi kabla gari halijaondoka. Afrika iliongeza mkataba wake mkali zaidi huko Bamako mwezi Januari 1991, unaokataza kuingizwa barani takataka za hatari za kutoka nje. Nchi yetu imo katika yote miwili. Ndani ya nchi kuna sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya ulinzi wa mazingira, na anayezalisha takataka hawezi kusema imekwisha kuwa mali ya mwenye kamioni.

Meli na mtaa mmoja

Huenda msomaji atauliza kwa nini wakubwa wa dunia walikaa kuandika mikataba juu ya mapipa. Walisukumwa na aibu. Mwaka 1988, katika bandari ndogo ya Koko nchini Nigeria, yalikutwa maelfu ya mapipa ya takataka za viwanda kutoka Italia, yamewekwa katika kiwanja cha raia mmoja aliyekikodisha kwa fedha kidogo. Mengine yalikuwa yanavuja. Serikali ya Nigeria iliilazimisha Italia iyachukue tena, na meli iliyoitwa Karin B ikazunguka bahari na mzigo huo, bandari moja baada ya nyingine ikiukataa.

Mikataba ikaandikwa, lakini jina la uongo bado lilipita. Mwaka 2006 meli Probo Koala ilifika Amsterdam na takataka zilizotajwa kuwa maji ya kuoshea matangi ya meli. Waliozipokea walishtuka kwa harufu, wakataka bei kubwa zaidi ya kuzisafisha. Zikarudishwa melini, na mwezi Agosti zikamwagwa usiku sehemu mbalimbali za mji wa Abidjan. Watu wasiopungua 15 walikufa kwa hesabu za serikali ya huko, na makumi ya maelfu walikwenda hospitali. Mwaka 2010 mahakama ya Amsterdam ilitoza kampuni iliyokodi meli faini ya euro milioni 1, kwa kuzitoa nje ya nchi takataka hizo na kwa kuficha hatari yake.

Karibu zaidi na sisi ni Owino Uhuru, mtaa wa maskini mjini Mombasa. Kuanzia 2007 hadi 2014 kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha batri kuukuu ubavuni mwa nyumba za watu. Mama mmoja aliyefanya kazi humo, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga akiugua. Kilichoonekana katika damu ya mtoto kilikuwa risasi. Aliacha kazi, akaanza kuwapima wengine na kupiga kelele. Alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na shauri likaendelea kupanda mahakama za juu. Batri zilizoyeyushwa huko ni za aina ileile tunayoitoa katika kamioni zetu.

Yaliyoko nyumbani tayari

Tunajua kwamba baadhi ya mapipa, mbao na bidoni kutoka migodini yapo katika nyumba za site tangu zamani, na wengi waliyonayo waliyanunua kwa nia njema. Hatuandiki ili kumtia mtu aibu.

Mama, kama una pipa ambalo hujui lilitoka wapi, acha kulitumia kwa maji ya kunywa, kwa mihogo na kwa mawese kuanzia leo. Kuliosha kwa sabuni na mchanga hakutoshi, maana plastiki hunywa baadhi ya kemikali na kuzitoa polepole, hasa mafuta yakiwekwa ndani. Usilipeleke mtoni kuliosha. Usilichome, moshi wake ni mbaya, na mbao za masanduku ya sianidi nazo zisiingie chini ya sufuria. Lifunge mfuniko, ligeuze mdomo chini ili mvua isiingie, watoto wasilichezee. Usilikate kwa moto wala kwa shoka kama ni la chuma, kwa kuwa mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka kuliko petroli yenyewe.

Halafu mwambie mume, kaka au mtoto anayefanya kazi mgodini alitaje kwa kapita wake au kwa mtu wa usalama, aeleze rangi yake, maandishi yaliyobaki ubavuni, na lilinunuliwa lini. Kama maandishi yapo, ayanakili kwenye karatasi bila kuruka herufi yoyote, kuanzia ile alama ya duara mpaka mwaka. Yakifika laboratwari hivyo, mara nyingi yatatosha kujua lilikuwa la nini kabla hata halijafunguliwa.